Ambari: manukato ya bibi harusi yatokayo tumboni mwa nyangumi



Katika vitu vya kumfukiza na kumpaka bibi harusi wa pwani, udi tunaujua ni mti, asumini ni ua, marashi ni maji ya mawaridi. Ambari je? Wengi tunaiona kwenye kichupa tu, na wapo wanaodhani ni utomvu wa mti. Kumbe hutengenezwa ndani ya utumbo wa mnyama, tena mmoja wa wanyama wa ajabu kabisa walioko baharini.

Si potwe. Nalisema mapema kwa sababu sisi wa Mafia tukisikia habari za mnyama mkubwa wa baharini, mawazo yanakwenda kwa potwe wetu wa Kilindoni ambao watalii huja kuogelea nao kuanzia Oktoba. Potwe ni samaki, jamaa ya papa. Wala si wale nyangumi wenye nundu wanaopita wakati wa kusi na kurukaruka juu ya maji. Mwenye ambari ni nyangumi wa kilindi, ambaye kichwa chake peke yake ni kama theluthi ya mwili, kikubwa kama sanduku. Dume hufikia mita 16 na zaidi. Anavuta hewa kama sisi na ananyonyesha mtoto wake, lakini huzama zaidi ya kilomita moja na kubana pumzi karibu saa nzima, akiwinda ngisi kwenye giza.

Ngisi mnamjua. Ukimwosha jikoni unatoa kile kidomo kigumu mfano wa mdomo wa kasuku. Kidomo hicho hakisagiki tumboni, na kwa kawaida nyangumi hukitapika. Vikipita vikaingia utumboni, hukwama, na kitu kama nta hujikusanya kuvizunguka, bonge likakua taratibu. Ni nyangumi wachache sana wanaokuwa nalo. Likitoka, kwa njia ya choo au baada ya mnyama kufa, ni jeusi, laini, na linanuka mavi. Baada ya hapo bahari inashika kazi: jua, chumvi na mawimbi, miaka na miaka, mpaka bonge linageuka kijivu au jeupe, jepesi la kuelea, na ule uvundo umekuwa harufu tamu. Watengeneza manukato waliipenda zaidi kwa sababu inashika harufu nyingine zisiruke upesi. Ndiyo maana udi uliochanganywa na ambari hukaa kwenye nguo.

Na jina lenyewe ni la zamani katika dini yetu. Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imo habari ya Jabir (r.a.), ya jeshi la watu 300 chini ya Abu Ubayda waliokwenda pwani wakaishiwa chakula, ikawa tende moja kwa mtu kwa siku, wakafikia kula majani. Bahari ikawatupia mnyama mkubwa aitwaye al-anbar. Walimla siku nyingi, na ubavu wake uliposimamishwa, mtu akapita chini yake juu ya ngamia. Walipomweleza Mtume (s.a.w.) aliwaambia ni riziki waliyotolewa na Allah, akauliza kama ipo nyama iliyobaki. Bukhari pia ameweka kauli ya Ibn Abbas kuhusu ambari yenyewe: si hazina ya kufukuliwa, ni kitu kilichotupwa na bahari. Walikuwa wanajadili zaka yake, kwa hiyo mjue ilikuwa mali.

Soko lake lilifika kwetu. Al-Masudi wa Baghdad aliisafiri bahari hii, na mara ya mwisho alitoka huku kurudi Oman mwaka 304 Hijria, yaani kama 916 Miladia. Aliandika kwamba ambari bora ni ya nchi ya Zanji, ndiyo pwani yetu, na ya Shihr huko Arabuni. Kwa maelezo yake ambari huota chini ya bahari, nyangumi akaimeza ikamuua, na Wazanji wakamvuta kwa vyusa na kamba wakampasua. Mwanzo wake aliupindua, lakini habari za bei alizijua: iliyotoka tumboni ilikuwa na harufu mbaya, na wauza manukato wa Iraki na Uajemi waliitambua. Wachina nao waliiita mate ya joka!

Kama mwaka 1518 Mreno Duarte Barbosa alivitaja visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba, akawaeleza wanawake wake: hariri, dhahabu ya Sofala, fedha, mikufu, hereni, bangili na vikuku. Mimi fundi cherehani ukurasa huo naupenda. Ambari haikosi kuwemo miongoni mwa manukato ya wanawake waliovaa hivyo; hilo ni wazo langu.

Karne ya 19 Wamarekani walituletea vitambaa vya merikani, na mwaka 1833 wakafunga mkataba na Sayyid Said. Meli zao nyingine ziliwinda nyangumi huyu huyu katika Bahari ya Hindi, kwa ajili ya mafuta ya kichwani mwake, yaliyotengenezewa mishumaa. Waliua wengi mno. Ni mwaka 1979 tu ndipo Bahari ya Hindi ilipotangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi.

Mwaka 2021 wavuvi 35 wa Yemen walimkuta mmoja amekufa katika Ghuba ya Aden, wakatoa kilo 127 za ambari na kuziuza kwa dola milioni 1.5. Sasa dada, kwa bei hiyo, kichupa cha elfu kumi kina nini ndani? Ni harufu ya kiwandani. Inanukia vizuri na hakuna mnyama aliyeguswa, sina neno nayo. Neno langu ni kwa muuzaji anayeiita ambari halisi na kumlipisha bibi harusi mara kumi.

Na ukiokota bonge la kijivu ufukweni hapa Bweni, usikimbilie kupiga hesabu ya mahari. Mengi ni mafuta au nta za meli zilizoganda. Chukua sindano, ipashe moto, ichome. Ambari huyeyuka pale pale ikawa nyeusi ya kung'aa, ikivutika kama uzi, na hutoa moshi mweupe wenye harufu. Mafuta ya meli yatanuka mafuta.