Telê Santana na Deni la Sarrià

Historia ya kandanda, kama zilivyo historia za wafalme, huandikwa kwa kufuata mkono wa mshindi. Bingwa hutajwa, aliyeshindwa husahauliwa. Kocha Telê Santana wa Brazil ni miongoni mwa wachache waliokwenda kinyume cha kanuni hiyo. Kikosi chake kilichompa jina duniani hakikutwaa kombe, wala hakikufika nusu fainali; hata hivyo, wapenzi wa mchezo hukitaja kwa mahaba ambayo mabingwa wengi hawakuyapata.

Telê alizaliwa tarehe 26 Julai 1931 katika mji wa Itabirito, jimbo la Minas Gerais. Ujanani alikuwa winga wa Fluminense ya Rio de Janeiro, mwembamba wa umbo, mwenye mbio na asiyechoka, hata mashabiki wakampa lakabu ya “Uzi wa Matumaini”. Zama zake zilikuwa zama za Garrincha na Julinho, na katika upande wa kulia hapakuwa na nafasi ya mwengine. Hivyo hakucheza Kombe la Dunia hata mara moja. Alipogeukia ukocha, mafanikio hayakuchelewa. Mwaka 1969 aliipa Fluminense ubingwa wa Rio. Mwaka 1971 akaiongoza Atlético Mineiro kutwaa ubingwa wa Brazil. Na mwaka 1977, akiwa na Grêmio, akaukatiza utawala wa Internacional iliyokuwa imeushika ubingwa wa Rio Grande do Sul kwa miaka minane mfululizo.

Mwaka 1980 alikabidhiwa timu ya taifa. Aliwakusanya Zico, Sócrates, Falcão na Toninho Cerezo katika safu moja ya kiungo, akamwachia Júnior uhuru wa kupanda kutoka beki ya kushoto, na akawakataza wachezaji wake kumchezea mpinzani rafu kwa makusudi. Katika fainali za Hispania mwaka 1982, Brazil iliifunga Urusi ya Kisovieti 2-1, Uskoti 4-1, New Zealand 4-0, kisha Argentina 3-1. Mpira ulikuwa ukitoka mguu kwa mguu kama mshororo unaomkabidhi mwenzake kina, na kila mtazamaji akiamini kwamba kombe limekwishapata mwenyewe.

Tarehe 5 Julai 1982, katika uwanja wa Sarrià mjini Barcelona, Brazil ilihitaji sare tu mbele ya Italia ili iingie nusu fainali. Paolo Rossi alitangulia kufunga, Sócrates akasawazisha. Kisha Cerezo akatoa pasi ya kizembe iliyokatiza mbele ya mabeki wake mwenyewe, Rossi akaidaka njiani na kufunga la pili. Falcão alisawazisha tena katika kipindi cha pili. Sare ilikuwa mkononi. Lakini Brazil haikurudi nyuma kulinda ilichokipata, na zilipobaki dakika zipatazo 15 Rossi akafunga la tatu. Mwishoni Dino Zoff, golikipa mwenye umri wa miaka 40, aliudaka mpira wa kichwa wa Oscar kwenye mstari wa goli. Matokeo yakawa 3-2. Italia ilisonga mbele na kuwa bingwa wa dunia.

Wabrazil walikuwa wamekwishayaona machungu ya namna hiyo. Mwaka 1950, katika Maracanã, walihitaji sare tu mbele ya Uruguay na wakafungwa 2-1. Lakini msiba wa 1950 ulizaa lawama kwa watu. Wa 1982 ulizaa shaka juu ya mtindo wenyewe. Wapo waliohukumu kwamba kucheza vizuri ni anasa, na kwamba timu yenye busara hujilinda kwanza. Telê, baada ya kufundisha Al-Ahli ya Jeddah, alirejeshwa kuiongoza Brazil katika fainali za Mexico mwaka 1986. Safari hii timu yake ilishinda michezo minne bila ya kufungwa hata goli moja, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Ufaransa mjini Guadalajara. Zico alikosa penalti ndani ya mchezo. Sócrates na Júlio César wakakosa zao katika mikwaju ya mwisho. Hesabu ya mashindano mawili ikawa michezo 10, ushindi minane, sare moja, kushindwa mara moja, magoli 25. Kwa hesabu hiyo, watu wakamwita “mguu baridi”, yaani mtu mwenye nuksi.

Jina hilo lilimwandama mpaka São Paulo, alikopokelewa mwaka 1990 akikaribia umri wa miaka 60. Hapo ndipo ilipodhihiri kwamba uzuri aliouhubiri haukuwa urembo wa juujuu. Aliishi katika kambi ya mazoezi ya klabu, akikagua hata majani ya kiwanja, kwani pasi ya chini haiendi sawa juu ya ardhi mbovu. Alimrudisha kijana Cafu mazoezini tena na tena apige krosi mpaka zikae sawa. Kijana huyo ndiye aliyekuja kulinyanyua Kombe la Dunia akiwa nahodha mwaka 2002. Kila mtunzi aliyewahi kuufuta ubeti mzima kwa ajili ya mizani moja iliyozidi ataielewa kazi ya namna hii: wepesi unaoonekana mbele ya watu ni jasho lililomwagika faraghani.

Matunda yalikuja kwa mkururo. São Paulo ilikuwa bingwa wa Brazil mwaka 1991, na bingwa wa Amerika ya Kusini mwaka 1992 na 1993. Mwezi wa Disemba 1992, mjini Tokyo, iliifunga 2-1 Barcelona ya Johan Cruyff, magoli yote mawili yakiwa ya Raí. Mwaka uliofuata, katika mji huohuo, iliishinda Milan 3-2. Tangu Santos ya Pelé mwaka 1962 na 1963, hapakuwa na klabu ya Brazil iliyolitwaa kombe hilo mara mbili mfululizo.

Mchezo ule wa Milan una jambo moja linalostahili kukumbukwa kuliko kombe. Miongoni mwa waliofunga alikuwamo Toninho Cerezo, mwenye umri wa miaka 38, yuleyule wa pasi ya Sarrià, na akachaguliwa mchezaji bora wa siku hiyo. Telê hakumtupa mtu aliyeteleza. Miaka 11 baada ya Barcelona, kocha na mchezaji waliilipa Italia kwa matokeo yaleyale ya 3-2, na kwa mpira uleule wa kushambulia.

Kiharusi kilimwondoa Telê kazini mwaka 1996, naye akafariki dunia mjini Belo Horizonte tarehe 21 Aprili 2006. Brazil ilikuwa imelitwaa Kombe la Dunia mwaka 1994 kwa mchezo wa tahadhari, ikiishinda Italia kwa penalti baada ya sare ya 0-0. Kombe hilo limo kabatini na hakuna awezaye kulitoa. Lakini watu wanapokaa kuzungumzia uzuri wa kandanda, kikosi wanachoanza kukihesabu majina ni kile kilichofungwa Sarrià.