Viti vya gari vinavyopoza: raha na kero zake

Dereva aliyeliacha gari lake juani mjini Muscat au Dubai mwezi wa Julai anajua kwamba kiyoyozi hakifiki kila mahali. Hewa baridi humpiga usoni na kifuani, ilhali mgongo na mapaja yaliyogandamana na ngozi ya kiti yakiendelea kutoka jasho. Viti vinavyopoza vilibuniwa kwa ajili ya sehemu hizo.

Kampuni ya Saab ya Sweden ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza kuviuza, katika gari lake la 9-5 lililotoka mwaka 1997. Ndani ya kiti zilifichwa feni ndogo, na ngozi ya juu ikatobolewa vitundu. Feni hizo hazikupuliza, bali zilivuta hewa yenye unyevu kutoka kwa aliyekaa. Saab yenyewe ilifilisika mwaka 2011, lakini leo viti hivyo vimo hata katika baadhi ya magari ya bei ya wastani.

Jina lenyewe, hata hivyo, hupotosha. Vingi havizalishi baridi yoyote. Huizungusha tu hewa iliyomo garini, na nafuu hutokana na jasho linalokauka na kuondoka na joto la mwili. Ni kanuni ile ile inayopoza maji katika mtungi wa udongo. Kwa hiyo kiti kinachopuliza, gari likiwa bado halijapoa, humpulizia mtu joto lile lile alilolikimbia nje.

Ipo aina nyingine, iliyowekwa katika Lincoln Navigator ya mwaka 2000, inayopoza kweli. Umeme hupitishwa katika vipande vya aina mbili vilivyounganishwa, upande mmoja ukapoa na wa pili ukapata moto. Mfaransa Jean Peltier aliigundua tabia hiyo mwaka 1834. Mkondo wa umeme ukigeuzwa, kiti hicho hicho hupasha joto.

Wenye magari ya umeme wana sababu zaidi ya kuvithamini. Kumpoza mtu mmoja kitini hula umeme mdogo kuliko kupoza gari zima, na kila umeme unaookolewa huongeza mwendo kabla ya kuchaji tena.

Vumbi na fundi

Kero zake huonekana baadaye. Vumbi la barabara zisizo na lami huziba vitundu, na chai iliyomwagika hupenya hadi kwenye feni. Feni ikichakaa hulia. Wapo wanaolalamika kwamba kiuno hukakamaa baada ya safari ndefu. Na yule anayevika kiti kitambaa kizito ili ngozi isichubuke, kama ilivyo desturi ya wengi Afrika Mashariki, huwa ameizuia hewa aliyoilipia.

Matengenezo ndiyo shida kubwa zaidi, hasa kwa gari lililotumika. Kuifikia feni hulazimu kukifungua kiti, na ndani ya viti vingi vya mbele kuna mfuko wa hewa wa usalama pamoja na nyaya zake. Fundi asiyeuzoea anaweza kuufyatua, au kuuacha usifanye kazi siku ya ajali.

Mnunuzi anaweza kukipima kiti kabla ya kulipa. Awashe feni kwa nguvu zote, kisha aweke karatasi laini juu ya vitundu. Kiti kinachovuta huinasa, na kinachopuliza huiinua. Karatasi isipotikisika, bei ipunguzwe.