Kutoka Buni Hadi Kahawa: Kazi Iliyoanzia Juu ya Mapaa ya Yemen



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, leo tunazungumzia kahawa.

Sisi wa madrasa za vijijini hapa Uganda, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, tunaijua vizuri. Mzazi asiye na fedha taslimu huleta debe la kahawa ya maganda, ile tunayoiita kiboko, nasi tukaianika na kuiuza. Msimu mmoja paa la darasa lilikuwa linavuja, tukafanya haraka. Mvua zilikuwa hazijakatika na kahawa haikukauka sawasawa. Tukatia iliyo na unyevu chini ya gunia, na iliyokauka vizuri tukaiweka juu. Mnunuzi wetu, mzee wa makamo, hakusema kitu. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa tunda la chini, akalitikisa karibu na sikio. Halikulia. Akatutazama tu, na wanafunzi wetu walikuwa wamesimama pale pale, wanatutazama pia.

Tulirudi na gunia letu. Njiani kijana mmoja akauliza, "Ustadhi, hivi ni nani aliyewafundisha watu kukausha kahawa?" Siku ile hatukuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu letu, na lile gunia tutalirudia mwishoni inshaallah.

MANENO MAWILI YA KIARABU

Kiswahili chetu kimehifadhi historia hii katika maneno mawili. Tunda la mbuni na punje yake kabla ya kupita motoni ni buni. Ikishakaangwa, ikatwangwa na kuchemshwa, ndipo inapoitwa kahawa. La kwanza limetokana na bunn ya Kiarabu, la pili na qahwa. Katikati ya maneno hayo mawili ipo kazi ndefu ya mikono.

Wengi wamesikia kisa cha mchungaji wa Ethiopia aliyeona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula matunda mekundu. Ni kisa kitamu, lakini kilichapishwa Roma mwaka 1671, watu wakiwa wamekwisha kunywa kahawa zaidi ya miaka mia mbili. Tulicho na hakika nacho ni kwamba mbuni wa aina ya arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, na kwamba unywaji wa kahawa tunaoufahamu ulienea kutoka Yemen katika karne ya 15.

Mwanachuoni Abd al-Qadir al-Jaziri aliandika kitabu kizima kuhusu uhalali wa kahawa, karibu mwaka 1558. Humo amepokea habari za Sheikh Jamal al-Din al-Dhabhani, mufti wa Aden, aliyefariki mwaka 1470. Inasimuliwa kuwa sheikh huyu alivuka hadi pwani ya Afrika, akaona watu wakiitumia kahawa. Aliporudi Aden akaugua, akaikumbuka, akainywa, akaona inaondoa uchovu. Masufi wa Yemen wakaishika ili iwasaidie kukesha katika dhikri. Baadaye Wayemen waliokuwa wakiishi jirani na Al-Azhar mjini Cairo waliinywa kutoka chombo kikubwa cha udongo mwekundu. Kiongozi wao aliichota kwa kata ndogo na kuipitisha kuanzia kulia.

KAZI YA JUU YA MAPAA

Milima ya Yemen ina matuta ya mawe yaliyojengwa kizazi baada ya kizazi, na maji ni ya kuhesabu. Kwa hiyo mkulima wa huko alilitegemea jua. Alichuma tunda lililoiva, akalipandisha juu ya paa bapa la nyumba yake ya mawe, akalianika zima zima pamoja na nyama yake. Tunda liligeuka kutoka jekundu likawa kahawia, kisha likawa jeusi na gumu, na punje ikawa inacheza ndani. Ndipo lilipopitishwa kwenye jiwe la kusagia ili ganda lipasuke bila kuivunja punje. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kupepeta na kuchambua.

Ganda nalo halikutupwa. Wayemen hulichemsha pamoja na tangawizi wakapata kinywaji kiitwacho qishr, na mpaka leo kinanywewa. Punje zenyewe zilishushwa kwa ngamia hadi soko la Bayt al-Faqih, kisha bandari ya Mukha, na kutoka huko kwa majahazi mpaka Jidda na Suez. Kwa muda wa karne mbili hivi, karibu kahawa yote iliyouzwa duniani ilipita mikononi mwa watu hawa. Biashara hiyo ilianza kuwatoka pale Waholanzi walipopeleka miche Java mwishoni mwa karne ya 17.

MAKKA, MWAKA 1511

Njia ya kahawa haikuwa nyepesi. Mwaka 1511 (917 Hijria), Khair Beg, msimamizi wa masoko na maadili mjini Makka, aliwakuta watu usiku karibu na Msikiti Mtukufu wakinywa kitu kwa kupokezana. Jina la qahwa lilimtia shaka, kwani katika Kiarabu cha zamani lilikuwa pia jina la mvinyo. Aliitisha baraza la wanazuoni, na matabibu wawili wakashuhudia kuwa kinywaji hiki kina madhara. Kahawa ikapigwa marufuku, ikachomwa hadharani, na walioonekana nayo wakaadhibiwa.

Habari zikafika Cairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri. Amri iliyorudi ilikataza maovu ya mikusanyiko, lakini kinywaji chenyewe haikukiharamisha. Mwaka uliofuata Khair Beg aliondolewa katika cheo chake.

Wanafunzi wetu waizingatie habari hii. Maulamaa wetu wametufundisha kwamba huwezi kukihukumu kitu kabla hujakijua. Waliofuatilia walikuta kwamba hapana kileo ndani ya punje iliyoanikwa, ikakaangwa na kuchemshwa. Jina peke yake halitoshi kuhukumia. Na vivyo hivyo, sura ya nje peke yake haitoshi, iwe ya kinywaji au ya gunia.

KAHAWA YA ZIWA LETU

Sisi wa huku hatukungoja meli ili tuijue kahawa. Robusta ni mti wa asili wa nchi za ziwa hili. Baganda, na Wahaya wa upande wa Bukoba, walikuwa wakiitafuna tangu zamani. Matunda yalichemshwa pamoja na majani ya dawa, yakakaushwa, kisha mgeni akapewa atafune kama heshima. Katika Buganda watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akaipaka damu ya mwenziwe, wakala. Uislamu ulipofika katika ikulu ya Kabaka Suuna mwaka 1844, kupitia wafanyabiashara waliotoka pwani, ulikuja na katazo la kula damu. Lakini heshima ya kumpa mgeni kahawa haina ubaya, na hadi leo wapo wazee wanaoitunza.

Arabika, ile ya Yemen, ililetwa Uganda baadaye, karibu mwaka 1900, ikakubali katika milima kama Elgon. Huko maji yapo, na kazi ni nyingine. Tunda humenywa siku ile ile lilipochumwa, punje zikalazwa kati ya saa 12 na 36 ili ute wake uachie, zikaoshwa, ndipo zikaanikwa juu ya vichanja zikiwa na ganda lao jembamba la ndani. Robusta yetu nyingi bado hufuata njia ya kale ya Yemen: jua na subira, isipokuwa paa limekuwa turubai.

KUTOKA TUNDA HADI KIKAANGO

Tunda lililoiva lina maji asilimia 60 hadi 65. Lazima yashuke mpaka 12 au 13 ndipo liwekwe ghalani. Jua likiwa zuri ni wiki 2 hadi 3, mvua ikiwepo ni zaidi. Kila siku ligeuzwe, na jioni lifunikwe. Likiwekwa na unyevu hupata kuvu, na kuvu hiyo huweza kutoa sumu iitwayo okratoksini, ambayo hata moto wa kukaangia hauimalizi yote. Hapa ndipo tulipotambua ukubwa wa kosa letu. Tulidhani ni suala la uzito na shilingi kidogo, kumbe yupo mtu mbali nasi ambaye angeinywa.

Baada ya kukobolewa na kuchambuliwa, kilo 5 hadi 6 za matunda hutoa takriban kilo 1 ya punje za kijani. Punje hizo hazina harufu ya kahawa kabisa. Harufu hutoka motoni. Katika kikaango hugeuka manjano, kisha kahawia, na joto likifika karibu nyuzi 200 za Selsiasi huanza kupasuka kwa mlio kama bisi. Zikiepuliwa huwa zimepoteza asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Buni imekuwa kahawa.

TURUDI KWENYE GUNIA

Imepokewa na Abu Hurayra (r.a.), katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomwuliza mwenye mali, akajibu kuwa mvua ilikinyeshea. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kwa nini asikiweke kilicholowa juu watu wakione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Hadithi hii tumeisomesha miaka mingi. Wanafunzi wameihifadhi kwa ajili yetu, wakaisoma mbele yetu, nasi tukawasahihisha irabu. Kisha tukaja kuifanya ile ile kwa mikono yetu, na udhuru wetu ukawa ule ule wa mvua.

Tulimwaga gunia lile mbele ya darasa zima, tukawaeleza watoto tulichokosea, tukalianika upya siku tisa. Tukampelekea mzee yule yule. Akazamisha mkono, akatikisa. Safari hii zikalia. Akapima, akalipa, akasema tu, "Alhamdulillahi, walimu."

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie mizani ya haki katika mashamba yetu na katika madarasa yetu. Amin.

Kwa familia, mjibu pamoja baada ya Maghrib:
1. Kwa nini Wayemen walianika kahawa bila kuiosha?
2. Baraza la Makka la mwaka 1511 lilikosea wapi?
3. Katika nyumba yetu, ni kitu gani tunachokiweka juu ili kufunika kilicho chini?

Wabillahi tawfiq.