Mtoto kwenye mstari wa kura

Hapa Bwera watoto wetu wengi wameona uchaguzi, lakini hawajaona mama zao wakipiga kura. Wanamwona jirani Mkonzo anarudi na wino kwenye kidole, halafu wanauliza: sisi kwa nini hapana? Tukijibu tu "sisi ni wakimbizi," bado hatujajibu. Swali hilo lina historia.

Mwezi wa tano 1960, kabla ya uhuru, Kongo ilichagua bunge. Waliopiga kura ni wanaume peke yao. Mama alipata haki hiyo mwaka 1967, lakini wakati huo Mobutu alikuwa ameshashika nchi, na mwaka 1970 mgombea urais alikuwa yeye mmoja tu. Kwa hiyo bibi zetu wengi walipata kura ambayo haikuwa na la kuchagua.

Ndiyo maana tarehe 30 Julai 2006 wazee wanaitaja sana. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya zaidi ya miaka 40. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, mama alinishika mkono mpaka kwenye kituo. Nakumbuka vumbi, miguu ya watu wazima, na kidole chake cheusi. Kadi ile ya uchaguzi ikawa pia kitambulisho chake, na wengi walivuka nayo Mpondwe.

Halafu ikaja 2018. Siku chache kabla ya kura, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatachagua rais pamoja na wengine, sababu ya Ebola na vita. Zaidi ya watu milioni moja walifungiwa nje. Kadi walikuwa nazo. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walipanga mstari wao wenyewe, wakanawa mikono, wakapiga kura za karatasi ambazo serikali haikuzihesabu. Walipoitwa kwenye kura tarehe 31 Machi 2019 ilikuwa ya wabunge. Rais alikuwa ameshaapishwa Januari.

Mwaka 2023 Wakongo wa nje waliruhusiwa kupiga kura katika nchi 5: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Marekani na Kanada. Uganda, yenye wakimbizi wetu wengi hivi, haikuwemo. Na hapa Uganda kura ya rais na bunge ni ya raia tu. Basi mtoto aliyezaliwa Kasese hana mstari wa kusimama na mama yake, huku wala kule.

Katika kazi yangu na vijana naona hatari yake: wanakua wakidhani kura ni kitu cha watu wengine. Mzazi mwenye kadi ya 2006, 2011 au 2018, usiiache kwenye sanduku. Mwonyeshe mtoto picha yako. Mwambie ulisimama mstari wapi, ulisubiri saa ngapi, na ulitaka nini siku ile.