Mwandamo wa mwezi (Dar es Salaam)

Mwandamo wa mwezi ni kuonekana kwa hilali baada ya jua kuchwa, ishara ya kuanza kwa mwezi mpya wa Kiislamu. Jijini Dar es Salaam ndiyo njia ambayo kwayo swali kongwe, kama ulimwengu una mpangilio na mpangilio huo una mwenyewe, hurudi kila Ramadhani.

Hesabu yenyewe haina ubishi. Mzunguko mmoja, kutoka mwezi mpya hadi mwingine, huchukua wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44, ndiyo maana miezi huwa na siku 29 au 30 na mwaka wa Hijria huwa mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa jua.

Kuuona ni jambo jingine. Hilali changa ni uzi mwembamba unaozama upesi. Mawingu yakitanda upande wa bara, aliye juu ya paa huko Temeke haambulii kitu. BAKWATA, baraza kuu la Waislamu Tanzania lililoanzishwa 1968 na lenye makao makuu Kinondoni, hupokea taarifa za walioona, kisha Mufti hutangaza. Wengine hufuata Saudia, hivyo majirani huweza kusali Idi siku mbili tofauti.

Waumini husoma katika Suratu Yasin kwamba mwezi umepangiwa vituo na Mungu. Fizikia hueleza njia hiyohiyo kwa nguvu ya mvutano, na kuhusu mpangaji haisemi lolote. Wabishani wa mwandamo, kwa kweli, hawajatilia shaka nidhamu ya mwezi hata siku moja. Wanachogombea ni macho ya nani yaaminiwe. Kalenda za ukutani nazo huandika tarehe ya Idi el-Fitri kwa sharti: kutegemea mwandamo.