Wazee ni wa nani? Jibu la Eklezya ya kwanza

Mara nyingi tunasikia katika misioni zetu maneno haya: «Mzee huyu ni mkristu, basi Padri amtunze.» Wengine wanajibu: «Ana watoto; haituhusu.» Nani anasema kweli? Tuwaulize wakristu wa kwanza, kwani shida hiyo waliipata mbele yetu.

Yezu mwenyewe aliigusa (Mk 7). Mtu aliweza kusema juu ya mali yake: «Ni Korbani», ndiyo kusema sadaka kwa Mungu, kisha hakuachwa tena kuwasaidia baba na mama yake. Bwana wetu aliwashitaki Wafarizayo kwamba kwa desturi hiyo wanavunja amri ya nne.

Baadaye, katika Yeruzalemu, manung'uniko yalitokea: wajane wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika kugawa posho ya kila siku. Mitume hawakusema: «Haituhusu.» Walitaka watu saba wachaguliwe kwa kazi hiyo (Mdo 6).

Mt. Paulo ndiye aliyeweka utaratibu (1 Tim 5). Jina la mjane liandikwe katika orodha ya Eklezya akiwa ametimiza miaka 60. Lakini mwenye watoto au wajukuu, wao kwanza wamrudishie mema aliyowatendea. Mtu asiyetunza watu wa nyumba yake, Paulo anamhesabu kuwa mbaya kuliko asiyeamini. Sababu ni wazi: Eklezya isilemewe, ipate nguvu ya kuwasaidia wale wasio na mtu kabisa.

Matunda yalionekana Roma. Mwaka 251 hivi, Papa Korneli alimwandikia Fabio, Askofu wa Antiokia, akahesabu watu wake: mapadri 46, mashemasi 7, na wajane pamoja na maskini zaidi ya 1.500 waliolishwa na Eklezya. Tukumbuke ni wakati gani huo: mateso ya Kaisari Desio yalikuwa yamepita juzi tu, na Papa Fabiano alikuwa ameuawa mwaka 250. Hata hivyo Eklezya haikufunga mkono wake. Katika karne ya 6, sheria za Kaisari Yustiniani zinataja tayari nyumba za wazee, pamoja na nyumba za wagonjwa na za yatima, chini ya ulinzi wa maaskofu.

Basi, kila mmoja wa wale wawili alisema nusu ya kweli. Mzee ni wa watoto wake kwanza; akiwakosa, ni wetu sote.

Sisi mapadri na waseminari tujihukumu wenyewe. Tumeacha yote kwa kumfuata Kristu. Lakini tusigeuze wito wetu kuwa Korbani. Mama aliyelima ili sisi tusome, asiambiwe: «Mtoto wako sasa ni wa Eklezya.» Nanyi walimu, mnazijua nyumba za vijiji kuliko sisi. Andikeni majina ya wazee wasio na mtu, hasa wale wanaokimbiwa kwa neno la uchawi, mkamletee Padri. Orodha ya Mt. Paulo ingali wazi.