Kabla hujaagiza gari Japani: kutoka karatasi ya mnada hadi gereji

MAGARI mengi yanayopita katika barabara za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala yalianza safari zake Japani. Sababu ya kwanza ni usukani. Japani, kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda, huendesha kushoto, hivyo gari huingia barabarani bila kubadilishwa chochote. Sababu ya pili ni sheria ya Wajapani wenyewe. Gari jipya la abiria hulazimika kupita ukaguzi uitwao shaken baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na wamiliki wengi huona heri waliuze gari lingali zima kuliko kuulipia tena.

Kwa familia nyingi za mijini, gari hilo la mtumba ndilo ununuzi mkubwa kuliko wowote baada ya kiwanja na nyumba. Fedha hutumwa kabla gari halijaonekana kwa macho, na kosa dogo la mwanzo huwa deni la miaka. Ndiyo maana wapenzi wa magari, wanapokutana gerejini au kwenye duka la vipuri, hurudia mashauri yale yale. Makala haya yanayakusanya kwa mpangilio.

Soma karatasi ya mnada

Magari mengi ya mtumba ya Japani hupitia mnadani, na kila moja hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yake. Karatasi hiyo hubeba daraja la jumla. Daraja la 4 na 4.5 humaanisha gari lililotunzwa vizuri, 3.5 na 3 ni gari lenye kasoro zinazoonekana. Na herufi R au RA huonyesha kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Ndani ya gari hupewa herufi yake kuanzia A, na kadiri herufi inavyoshuka ndivyo uchakavu unavyozidi.

Katika karatasi hiyo pia kuna mchoro wa gari wenye herufi ndogo ndogo. Kwa kawaida A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na XX ni sehemu iliyokwisha kubadilishwa. Mnunuzi aombe nakala ya karatasi yenyewe, si maelezo ya muuzaji. Gari la R si lazima liwe bovu, lakini halistahili kuuzwa kwa bei ya gari la 4.5. Kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi nazo zilinganishwe na zile zinazosomeka kwenye dashibodi gari likishafika.

Umri wa gari huandikwaje?

Hati za Japani huweza kutumia miaka ya enzi za wafalme wao. Kwa enzi ya Heisei, ongeza 1988: Heisei 20 ni mwaka 2008. Kwa enzi ya Reiwa, iliyoanza Mei 2019, ongeza 2018. Tena, mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza si lazima ulingane. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja ina uzito. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililozidi miaka minane, na Tanzania huongeza ushuru kadiri gari linavyozeeka.

Hapa nyumbani Tanzania, wauzaji hutaja gari kwa herufi ya kibao: hili ni namba D, lile ni namba E. Herufi hiyo huonyesha wakati gari liliposajiliwa nchini tu. Gari la namba E linaweza kuwa limetengenezwa zamani kuliko la namba D lililoegeshwa pembeni yake.

Hesabu ya kodi

Wengi hujua bei ya gari na kusahau kodi. Tuchukue mfano wa gari dogo lenye injini ya sisi 1,500, ambalo thamani yake hadi bandarini Dar es Salaam imekadiriwa kuwa dola 4,000. Kwa viwango ambavyo vimetumika Tanzania kwa miaka mingi, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 1,000. Hapo thamani inakuwa 5,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa huo ni dola 250. Ikiwa gari limezidi miaka 10, huongezwa asilimia 30, yaani dola 1,500. Kisha VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla yote ya 6,750, nayo ni dola 1,215.

Jumla ni dola 3,965, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, kabla ya tozo ndogo, usajili na gharama za wakala wa forodha. Gari kama hilo hilo lenye umri chini ya miaka minane lingelipiwa dola 2,195 kwa thamani ile ile. Hata hivyo, gari jipya zaidi huwa na thamani kubwa zaidi, kwa hiyo piga hesabu zote mbili kabla ya kuchagua.

Aidha, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huwa na makadirio yake ya thamani, na ankara ya muuzaji haiwi neno la mwisho. Makadirio hayo hupatikana katika tovuti ya mamlaka hiyo. Viwango huweza kubadilika kila bajeti mpya inapoanza Julai, hivyo vihakikiwe kabla ya kutuma fedha.

Malipo yawe salama

Bei ya FOB huishia bandari ya Japani. Bei ya CIF hujumuisha usafiri wa meli na bima. Anayelinganisha wauzaji wawili alinganishe bei za aina moja. Fedha zitumwe kwenye akaunti yenye jina la kampuni, kamwe si la mtu binafsi. Ikija barua pepe inayodai kwamba akaunti imebadilika, piga simu kwa namba uliyoijua tangu awali, kwani huo ni mlango mkubwa wa matapeli. Chama cha wauzaji wa magari ya mtumba nje ya Japani, JUMVEA, kina orodha ya wanachama wake, na kampuni inaweza kutafutwa humo.

Gari likishafika

Jambo la kwanza linalowashangaza wengi ni redio. Masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na kuishia chini ya yale yetu, ambayo hufika 108. Ndiyo maana vituo vingi havishikiki hadi kifungwe kifaa kidogo cha kubadilisha masafa. Hilo ni jepesi. Mengine huua injini.

Mkanda wa taimingi: Injini za Toyota kama 3S-FE na 1G-FE, na EJ20 za Subaru zilizo nyingi barabarani, hutumia mkanda, na kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwenye EJ20, mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST na Vitz nyingi, hutumia cheni. Hiyo haidai mkanda bali oili safi kwa wakati.

Oili ya giaboksi: Gari lenye giaboksi ya CVT, kama Nissan nyingi za miaka ya karibuni, huhitaji oili yake maalumu. Ukiweka ile ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida, unaiharibu giaboksi.

Thamostati: Mafundi wengi wa mitaani huitoa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Injini isiyo na thamostati huchelewa kufikia joto lake la kazi, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Kama gari linachemsha, tafuta chanzo: rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji au kifuniko. Maji matupu ya bomba nayo huleta kutu. Tumia kimiminika cha rejeta.

Injini za D-4: Toyota ilianza kuziuza mwaka 1996. Hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Si mbovu kwa asili yake, lakini hazivumilii mafuta machafu wala fundi wa kubahatisha. Asiye na uhakika wa vyote viwili achague injini ya kawaida.

Matairi: Tazama tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi linaweza kuwa na kashata nzima na bado likawa limezeeka.

Ununuzi wa vipuri

Ukienda Kariakoo, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, usitaje jina la gari peke yake. IST ya NCP60 ina injini ya sisi 1,300, na ya NCP61 ina ya 1,500. Beba namba ya chesisi, na ikiwezekana kipuri cha zamani mkononi.

Kulipamba na kulibadilisha

Vijana wengi hulinyanyua gari dogo kwa vipande vinavyowekwa juu ya shokapu ili lipite kwenye mashimo. Unyanyuaji ukizidi, ekseli hukaa kwa pembe kali na viungo vyake huisha mapema, na gari huyumba zaidi kwenye kona. Rimu kubwa mno hugusa bodi na kulifanya gari liwe zito. Taa kali zilizofungwa ndani ya kioo kisichotengenezwa kwa ajili yake humpofusha dereva wa mbele. Anayebadili injini au rangi ahakikishe kadi ya usajili inarekebishwa, na kampuni ya bima ijulishwe, maana ajali ikitokea karatasi ndizo huulizwa kwanza.

Wazoefu wana utaratibu mmoja wa kutumia fedha: breki, matairi na usukani kwanza, oili, mkanda na mfumo wa kupoza injini baadaye, muziki, rimu na urembo mwisho. Gari linalofuata utaratibu huo huweza kuwatumikia wenyewe miaka mingi, na siku ya kuuzwa hupata mnunuzi upesi.